Hati tumesaini, kazi haijaanza: ushirikiano wa sayansi ya bahari huanzia wapi?

"Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mhadhiri kijana katika idara ndogo ya sayansi za bahari, pwani ya kusini ya Tanzania. Miaka mitatu iliyopita chuo chetu kilisaini hati ya makubaliano na vyuo viwili, kimoja cha Msumbiji na kingine cha Komoro, ili tufundishe wanafunzi wa uzamili pamoja na kutafiti nyasi bahari. Tulipiga picha, tukala, tukaagana. Tangu hapo ni barua pepe za kutakiana heri ya mwaka mpya tu. Mkuu wangu wa idara anasema bila mfadhili mkubwa na meli ya utafiti hatuwezi kitu, na tungoje kwanza shahada ya pamoja ipitishwe. Kilichoniuma zaidi ni kwamba mwaka jana walikuja wageni, wanafunzi wetu wakawakusanyia sampuli, makala ikatoka bila jina hata moja la hapa. Tuanzie wapi, au tuachane nalo?"

Marahaba, mwenzangu. Msiachane nalo. Nimeisoma barua yako mara mbili, na kila mara nimekuta meli, mfadhili, shahada na hati. Swali la utafiti sijaliona. Nyasi bahari ni mada, nalo swali ni kitu kingine. Hati ya makubaliano inasema tu kwamba vyuo vimekubali kushirikiana. Haisemi nani ataingia majini Jumatatu, na nini atakipima. Nimeshuhudia hati nyingi zikisainiwa katika kazi hii, na zile zilizoishi zilikuwa na kakazi kadogo kalichoanza kabla ya kalamu kutolewa mfukoni.

Chukua ramani uangalie mlivyokaa ninyi watatu. Mkondo wa Ikweta wa Kusini unavuka Bahari ya Hindi ukitoka mashariki, unaigonga Madagaska na kugawanyika. Tawi la kaskazini linazunguka ncha ya kisiwa hicho, linapita kaskazini ya Komoro, kisha linafika bara karibu na Rasi Delgado, mpakani kabisa mwa Tanzania na Msumbiji. Hapo linagawanyika tena. Maji mengine yanapanda kupitia Mtwara, Mafia na Unguja hadi Kenya, mengine yanashuka kwenye Mlango wa Msumbiji. Msimu wa kusi mkondo unaopanda hushika kasi na kuungana na ule wa Somalia. Msimu wa kaskazi ule wa Somalia hugeuka na kushuka, ukakutana na wetu, nao wetu ukalegea.

Ndani ya maji hayo husafiri mayai na viluwiluwi wa samaki na matumbawe, pamoja na vipande vya nyasi bahari vyenye mbegu. Husafiri joto pia. Kwa hiyo ukiniuliza kwa nini mshirikiane, sitakujibu kwa lugha ya udugu wa mataifa. Nyasi za ghuba yako zikififia mwaka fulani, huwezi kujua kama tatizo ni matope ya mto wenu au ni maji ya moto yaliyopita Komoro kabla ya kufika kwenu, mpaka kuwe na mtu Komoro aliyepima. Mmekaa kwenye njia panda ya mkondo mmoja. Swali hilo hapo, na hakuna hata mmoja wenu anayeweza kulijibu peke yake. Hicho ndicho kipimo changu cha ushirikiano wa kweli: mwenzako akijitoa, swali linakufa. Kama swali linabaki salama bila yeye, basi mnatembeleana tu.

Kuna kisa cha zamani katika maji hayohayo ambacho huwasimulia wanafunzi, kwa sababu ndani yake mna jambo zuri na jambo baya. Mwaka 1938, karibu na East London, Afrika Kusini, alivuliwa silikanti, samaki ambaye wanasayansi walidhani alitoweka enzi za dinosaria. J. L. B. Smith, aliyemtambua na kumpa jina la kisayansi, alitaka wa pili. Akachapisha kipeperushi cha ukurasa mmoja chenye picha ya samaki huyo na ahadi ya pauni 100, kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno, kikasambazwa pwani yote hii. Desemba 1952 samaki akapatikana Nzwani, Komoro. Miaka 14 ya kutafuta, kumbe wavuvi wa Komoro walikuwa wakimjua siku zote na wana jina lake, gombessa. Swali moja, karatasi moja, lugha tatu. Mpaka leo sijaona mpango wa utafiti wa kikanda uliofupishwa vizuri kuliko ule.

Jambo baya lilifuata. Smith alikwenda kumchukua samaki kwa ndege ya kijeshi ya Afrika Kusini, akaondoka naye. Wafaransa, waliokuwa wakitawala Komoro, wakakasirika na kufunga mlango: kwa miaka mingi silikanti wa visiwa vile wakawa wa watafiti wa Kifaransa tu. Hakuna aliyekuwa ameuliza mapema sampuli ni ya nani. Kidonda chako cha mwaka jana kina umri mrefu, ndugu yangu, na nitakirudia.

Kwanza hili la meli. Mkuu wako wa idara ana heshima zake, lakini hapa amekosea. Nyasi bahari hukua kwenye maji mafupi, na sehemu kubwa ya kazi yenu inaweza kufanywa kwa miguu wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, yanapokupwa. Mbinu inayotumika sehemu nyingi duniani ni rahisi mno: unatandaza kamba tatu za mita 50, zikiachana mita 25, na kila baada ya mita 5 unaweka fremu ya sentimita 50 kwa 50 na kukadiria nyasi zimefunika kiasi gani, za aina gani, zina urefu gani. Jumla fremu 33 kwa kituo. Ongeza kipimajoto kidogo cha kuzamisha, kile kinachotosha kiganjani na kurekodi chenyewe kwa miezi kadhaa, ukifunge kwenye nondo chini ya maji. Mwezi unaoleta bamvua kwako ndio unaoileta Komoro na Msumbiji, kwa hiyo mnaweza kupima vituo vitatu katika juma lilelile bila hata mmoja wenu kukata tiketi.

Meli ina mahali pake. Ukitaka kujua yaliyoko kina cha mita 500, fremu haikusaidii. Lakini meli ni mdomo unaokula kila siku: mafuta, mabaharia, bima, matengenezo bandarini, hata siku ambazo hakuna mtafiti ndani yake. Kenya ilipewa na Ubelgiji meli iliyokuwa ikiitwa Zeeleeuw, leo RV Mtafiti ya KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi iliyoko Mombasa, na ni taasisi ya taifa inayoibeba, wala si idara ya chuo. Meli za Dr. Fridtjof Nansen za Norway, zinazofanya kazi na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, zimekuwa zikipima bahari za nchi zinazoendelea tangu 1975, na huchukua watafiti wa nchi husika. Njia yenu ya busara ni kuomba nafasi ya kitanda kwenye safari kama hizo, na kumpeleka mwanafunzi ambaye tayari ana swali. Asiye na swali atarudi na picha za machweo.

Mfadhili naye hutanguliza macho yake kwenye kitu kilichokwisha kuanza. Mwaka 1998 joto kali la bahari lililoambatana na El Niño lilipausha matumbawe katika eneo kubwa la Bahari ya Hindi, na mengi yakafa. Kila nchi iliona msiba uleule kwa wakati mmoja, na mwaka uliofuata ukaanzishwa mpango wa CORDIO wa kufuatilia matumbawe ya ukanda mzima. Ona mpangilio wake: tatizo la pamoja, watu waliokuwa tayari majini, halafu fedha. WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari ya ukanda huu iliyoundwa 1993 na yenye makao Zanzibar, imekuwa na ruzuku ndogo za MARG kwa watafiti na zile kubwa za MASMA zilizoanza mwaka 2000 kwa fedha za Sweden, zikipendelea timu za nchi zaidi ya moja. Fuatilia matangazo yao. Lakini andiko linaloambatana na jedwali la bamvua mbili zilizopimwa vituo vitatu litasomwa tofauti na andiko lenye hati na picha ya pamoja.

Nikupe na tahadhari ya fedha, maana hapa urafiki mwingi huvunjikia. Msikubali chuo kimoja kishike fedha zote na kuwatumia wengine. Nimeona mradi ambamo fedha za washirika zilikwama kwenye ofisi ya uhasibu ya chuo kikuu miezi tisa. Hakuna aliyeiba, ila bamvua tisa nzuri zilipita. Bajeti ya kila nchi iende kwenye nchi hiyo moja kwa moja tangu mwanzo, hata kama mfadhili atanung'unika kuhusu makaratasi.

Sasa nikae kidogo kwenye vipimo na data. Watu hudhani kushirikiana ni kukutana, nami nasema ni kupima sawasawa. Wape watu wawili fremu ileile waikadirie bila kuangaliana. Mmoja atasema nyasi zimefunika asilimia 40, mwingine 60. Wote ni waaminifu. Mkiwa na macho tofauti katika nchi tatu, mtachapisha tofauti ya macho na kuiita tofauti ya bahari. Ndiyo maana mafunzo ya kwanza ya pamoja hayahitaji kuwa kozi ya uzamili. Siku tano zinatosha: wanafunzi wawili wawili kutoka kila nchi, fremu zilezile, kila mmoja anakadiria kivyake, jioni mnalinganisha, kesho mnarudia mpaka tofauti ipungue. Vipimajoto vyote viwekwe kwanza kwenye ndoo moja ya barafu iliyopondwa na maji baridi, vikae humo hadi vitulie. Kile kitakachosoma nusu nyuzi juu ya sifuri, andikeni pembeni. Huko matumbawe yaanzapo kupauka, nyuzi moja juu ya joto la kawaida la mwezi wa joto zaidi, ikidumu majuma kadhaa, ni jambo zito. Nusu nyuzi ya kosa ni kubwa.

Na muwe na lahajedwali moja, yenye vichwa vilevile vya safu. Niliwahi kupokea data za mradi wa nchi nne. Timu moja iliandika latitudo kwa digrii na dakika, nyingine kwa desimali, ya tatu ikasahau alama ya kutoa inayoonyesha kusini mwa ikweta. Vituo vyao vya Mtwara vikatua Ethiopia, nchi kavu kabisa. Tulicheka, kisha tukakaa miezi kusafisha. Majina ya aina za nyasi yakaguliwe kwenye WoRMS, orodha ya dunia ya majina ya viumbe wa bahari, data zikikamilika ziingie OBIS, hifadhidata ya kimataifa ya viumbe hao, ili zisife kwenye kompyuta ya mwanafunzi aliyehitimu na kuondoka. Mtu wenu mmoja ajifunze kazi hii kwa dhati. KMFRI imekuwa kituo cha mafunzo ya data za bahari chini ya OceanTeacher, mpango wa mafunzo wa UNESCO, basi muulizie kozi zao. Kama fedha zinatosha kumsomesha mtu mmoja tu, mimi ningemsomesha wa data kabla ya mpiga mbizi. Wenzangu wengi hawakubaliani nami hapo.

Shahada ya pamoja iacheni kwa sasa. Siipingi, ila ndiyo kazi ngumu kuliko zote na mmeiweka mlangoni. Mtaala upite seneti tatu na mamlaka za ithibati za nchi tatu, katika mifumo mitatu iliyorithiwa kutoka kwa Waingereza, Wareno na Wafaransa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu mwaka 2017, lakini Msumbiji na Komoro hazimo. SADC, jumuiya ya maendeleo ya kusini mwa Afrika, mmo wote watatu, ila mkitaka kumwongeza Mkenya kesho, yeye hayumo. Chombo kinachowakusanya wote kwa mambo ya bahari ni Mkataba wa Nairobi wa 1985, wenye nchi kumi kuanzia Somalia hadi Afrika Kusini, pamoja na visiwa, lakini huo unahusu mazingira, hautoi vyeti. Anzeni na usimamizi wa pamoja. Mwanafunzi asajiliwe kwenu, msimamizi wa pili awe Mkomoro, akae kule msimu mmoja, na shahada itolewe na chuo chake kama kawaida. Kanuni za vyuo vingi zinaruhusu msimamizi wa nje bila kubadili mtaala. Mkiwa na wahitimu watano wa namna hiyo, seneti itakuwa na kitu cha kupitisha.

Kuhusu wageni wa mwaka jana: hasira yako ni ya haki, lakini sehemu ya ulinzi ilikuwa mikononi mwenu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982 unasema utafiti wa wageni katika ukanda wa kiuchumi, unaofika maili 200 za baharini, unahitaji ridhaa ya nchi ya pwani, na taarifa itolewe angalau miezi sita kabla. Ibara ya 249 inaipa nchi hiyo haki ya kushiriki, kuwa ndani ya chombo, kupata data na sampuli, na kusaidiwa kuyatafsiri matokeo. Karibu na ufuko, kwenye bahari ya taifa, mamlaka ya nchi ni kubwa zaidi. Hapa kwenu mgeni hupitia kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia ya Tanzania, na ombi lake hutaja mshirika wa ndani. Je, mshirika huyo alikuwa idara yenu? Alisaini nini? Mara nyingi tunasaini tukishukuru kupata posho, halafu tunalia makala ikitoka. Hata hivyo, jina kwenye makala halidaiwi kwa kuchota maji peke yake. Mwanafunzi wako ashiriki kuuliza swali, kuchambua na kuandika, ndipo hoja yako isimame mbele ya mhariri yeyote.

Na msije mkafanyiana hayo ninyi kwa ninyi. Andikeni mapema, ukurasa mmoja: data ni za nani, nani anaandika makala ya kwanza, ya pili, ya tatu, na mtu ana muda gani wa kuandika kabla mwingine hajaruhusiwa. Ugomvi mbaya kuliko yote niliouona ulikuwa kati ya majirani, mgeni hakuwemo.

Lugha nayo isidharauliwe. Mikutano yetu huendeshwa kwa Kiingereza, na nimewaona vijana wa Komoro na Msumbiji wakikaa kimya siku tatu, watu wakadhani hawana la kusema. Mwongozo wa upimaji uandikwe kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Lakini ufukweni, jaribuni Kiswahili. Kingazija cha Komoro na Kimwani cha kaskazini mwa Msumbiji ni ndugu zake, na wavuvi wa pande zote tatu wataelewana kuhusu kusi, kaskazi na bamvua haraka kuliko maprofesa wao. Istilahi zitapungua, ni kweli. Undeni pale pale mkiwa majini. Huko ndiko maneno mazuri huzaliwa.

Kuna mambo ambayo barua hii haitoshi, inabidi uende mwenyewe. Kabla sampuli haijavuka mpaka, kaa na mwanasheria wa chuo na ofisi ya vibali. Majani ya nyasi bahari kwa ajili ya vinasaba hukaushwa kwa silika jeli na hayahitaji barafu, hilo ni jepesi, ila ruhusa ya kuyatoa nchini ni suala jingine, na nchi zilizo kwenye Itifaki ya Nagoya, ya matumizi ya rasilimali za kijenetiki, zinataka makubaliano ya mgawanyo wa manufaa. Matumbawe magumu ndiyo kabisa: yamo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, hata kipande cha kidole kinahitaji kibali. Ukitaka kuingiza uzamiaji wa mitungi, usianze kwa video za mtandaoni. Tafuta taasisi yenye msimamizi wa uzamiaji mwenye uzoefu, uone wanavyofanya, ujue chumba cha kutibu wazamiaji kilicho karibu kiko wapi na utafikaje. Jibu likiwa saa kumi kwa gari, bakini kwenye maji ya magotini. Na kwa kituo cha Msumbiji, kama mwenzako anafikiria mkoa wa Cabo Delgado, kaskazini kabisa, msipange kwa ramani tu. Kumekuwa na mapigano huko tangu 2017. Yeye aliyeko pale ndiye aamue, na akisema mwaka huu wapime Nacala, kusini zaidi, asibishiwe.

Wiki hii mwandikie kila mwenzako barua fupi, usiitaje hati. Mwambie tu una swali la mkondo na nyasi, na umuulize kama anaweza kutandaza kamba tatu bamvua ijayo. Mmoja pengine hatajibu. Pimeni mlio wawili, na kwenye lahajedwali safu ya tatu iacheni wazi na jina lake juu.